Mtutu wa bunduki si shafti ya pampu

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeuliza kwenye ukurasa huu wa barua atampata wapi fundi stadi wa kumkatia hesi, yaani ile mistari inayozunguka bolti ili nati ishike, kwenye mdomo wa mtutu wa raifo yake. Mwishoni alisema kwamba asipompata, jirani yake ana mashine ya kukereza na yuko tayari kumfanyia. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonikosesha usingizi. Nimekereza vyuma kwa miaka 31. Nimetengeneza shafti za pampu, bushi na puli, na hesi nilizokata sina hesabu yake. Jirani huyo ni mtu kama mimi. Nami namwambia msomaji huyo kwa heshima zote: ndugu yangu, usimpe.

Sisemi jirani hajui kazi. Huenda mkono wake ni mzuri kuliko wangu. Ila mtutu si shafti, na aliyenifundisha hivyo ni mtutu wangu mwenyewe.

Nianze na sababu ya kuitaka hesi hiyo, kwa kuwa watu wakisikia habari hii mawazo yao hukimbilia kwa majambazi.  Hesi ikikatwa kwenye mdomo wa mtutu, unaweza kufunga kifaa cha kupunguza mshindo, ambacho wengi wanakiita sailensa. Mimi hulenga shabaha kwa leseni, na bunduki naishika kwa bega la kulia. Anayeshika hivyo, sikio lake la kushoto ndilo linaloelekea mdomo wa mtutu. Daktari aliponipima alinionyesha mchoro: mstari wa sikio la kulia unateremka polepole kama inavyotarajiwa kwa umri wangu, wa kushoto unaporomoka ukifika kwenye sauti nyembamba. Sauti za watoto zimo humo. Mjukuu wangu akininong'oneza upande huo, namwona midomo inacheza tu.

Mshindo wa raifo hupita desibeli 160, kwa kipimo cha ukubwa wa sauti, karibu na mpigaji. Wataalamu wa masikio huhesabu 140 kuwa kikomo cha mlio wa ghafla ambao sikio tupu lisikutanishwe nao. Kifaa kizuri hupunguza desibeli 20 hadi 30 hivi. Hakiifanyi bunduki kuwa bubu, kwa sababu risasi inayokwenda kasi kuliko sauti huipasua hewa ikiwa imeshatoka, na mlio huo hauna wa kuuzuia. Vifuniko vya masikio bado navivaa. Lakini kati ya vifuniko peke yake na vifuniko pamoja na kifaa, sikio langu la kushoto linajua tofauti. Hiram Percy Maxim wa Marekani, aliyepata hataza ya kifaa hiki mwaka 1909, alishughulika pia na ekzosi za magari, na fikra ni ileile: gesi moto ipewe vyumba vya kupitia, ipoe na kupungua kasi kabla ya kutoka nje.

Kuhusu sheria sitakaa sana, ila asiiruke mtu. Ufini na Norwei wawindaji hukitumia kama jambo la kawaida. Marekani kinasajiliwa chini ya sheria ya mwaka 1934. Kwingine raia haruhusiwi kabisa. Kibali kitangulie kisu. Na katika nchi nyingi hata anayeubadilisha mtutu kwa ajili ya mwingine lazima awe na leseni ya kazi hiyo, kwa hiyo jirani mwema mwenye mashine uani anaweza kujikuta mbele ya hakimu kwa wema wake.

Sasa nije kwenye mtutu wangu. Karakana ya kwanza sitaitaja. Ilikuwa na leseni ukutani na bunduki zimejipanga. Niliuliza kazi itachukua muda gani, nikajibiwa, "Mzee, hiyo ni nusu saa tu, kaa hapo nje." Nikakaa. Niliporudishiwa, hesi ilikuwa inang'aa. Nilipitisha ukucha, haikukwaruza popote. Kifaa kiliingia kwa vidole viwili mpaka mwisho. Nililipa, nikashukuru, nikaondoka na furaha.

Nyumbani nilitoa bolti ya bunduki, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, nikahakikisha chemba, pale risasi inapokaa, ni tupu, nikauelekeza mdomo kwenye mwanga wa dirisha na kuchungulia kwa nyuma kifaa kikiwa kimefungwa. Ukichungulia hivyo, tundu la kutokea la kifaa linaonekana kama duara la mwanga ndani ya duara la mtutu, na kati yake kuna ukingo mwembamba wa giza. Ukingo huo unatakiwa uwe sawa pande zote. Wangu ulikuwa mnene upande wa kulia, na upande wa kushoto haukuwapo. Mwanga ulionekana kama mwezi wa siku ya kumi na saba, ulioanza kuliwa ubavuni.

Jicho hudanganya, hasa la mzee. Nikachukua fimbo ya chuma niliyoikereza mwenyewe na kuinyoosha, nyembamba kidogo tu kuliko tundu la mtutu, nikaipitisha taratibu kutoka nyuma. Ilitokeza mbele ikiwa imeegemea ukingo wa tundu la kifaa. Imeegemea kabisa, hata karatasi haikupita. Kama ningefyatua, risasi ingekwaruza vizuizi vya ndani, na kifaa kingepasuka au kurusha vipande. Mikono ilinitetemeka nikairudisha bunduki kabatini.

Usiku ule nilifanya nilichokuwa nikifanya kazini kila kipande kilipoharibika: nilitafuta kosa liko wapi. Nilipaka wino kwenye bega la mtutu, yaani ile ngazi ndogo ambayo kifaa hukaa kikifika mwisho wa hesi. Nikafunga kifaa, nikafungua. Wino ulikuwa umefutika upande mmoja tu, kama robo ya mzunguko. Kwingine ulibaki mbichi. Kifaa hakikukaa juu ya bega, kiliegemea. Tena kwenye rangi ya mtutu nikaona alama 3 hafifu zilizoachana sawasawa. Ni alama za chaki ya taya tatu, kile kibanio cha mashine ya kukereza. Fundi alikuwa ameubana mtutu kwa nje, akafuata upande huo wa nje, na hesi akaimalizia kwa dai ya mkono, kile chuma chenye meno kinachozungushwa ili kukata hesi, ambayo ikianza imepinda huendelea imepinda.

Hesabu yenyewe ni nyepesi na ningependa kila mwenye raifo aijue. Bega la mtutu wangu lina upana wa milimita 17. Likiwa limeinama kwa sehemu 5 za mia za milimita, kiasi ambacho unywele wa kichwani unakizidi, na kifaa kina urefu wa milimita 180, basi ncha ya kifaa inakuwa imekwenda kando kwa zaidi kidogo ya nusu milimita. Nusu milimita kila upande ndiyo nafasi ambayo vifaa vingi humwachia mpigaji. Imekwisha yote. Kwenye shafti ya pampu kosa la namna hiyo nimeliacha lipite mara nyingi, na pampu zikafanya kazi miaka.

Kisha kuna lile ambalo mkerezaji wa kawaida hana sababu ya kuliwaza. Shafti haina ndani. Unaibana kwa nje, unaikata kwa nje, kitovu chake ni kimoja. Mtutu hutobolewa kwa kekee ndefu nyembamba, na kekee ya namna hiyo hutangatanga kidogo kadiri inavyozama kwenye chuma. Nje hukerezwa kwa hesabu yake. Kwa hiyo kitovu cha nje na kitovu cha tundu mara nyingi si kimoja, hata kwenye bunduki ya bei kubwa. Risasi haijui habari za nje. Inafuata tundu. Hesi ikifuata nje na risasi ikafuata tundu, zitakutana pabaya.

Hapa ndipo penye jibu la msomaji mwenzangu. Nilipoanza kutafuta upya, sikuuliza nani ana mashine nzuri. Niliomba kwenye ofisi iliyonipa leseni orodha ya walioruhusiwa kubadilisha mitutu. Nikawauliza pia wale wanaolenga shabaha za mbali uwanjani, kwa kuwa hao bunduki ikikosea kidogo wanaijua siku hiyohiyo. Nikabaki na majina matatu, nikapiga simu, na kila mmoja nilimuuliza swali moja tu: "Mtutu unausawazisha kwa nje au kwa tundu?"

Wa kwanza alisema mitutu ya siku hizi imenyooka, nje na ndani ni mamoja. Wa pili alikasirika, akaniuliza kama nataka kumfundisha kazi. Wa tatu alikuwa mwanamke, kijana kwa sauti yake. Alisema, "Kwa tundu, mzee wangu. Kwani nje kunatoka risasi?" Halafu yeye ndiye akaanza kuniuliza. Bunduki inakula risasi gani? Mdomoni mtutu una unene gani? Una shabaha ya mbele, ile ncha ya kulengea, iliyochomelewa? Kifaa kipo au bado hujakipata? Kibali unacho mkononi? Nilipomtajia hesi ya kifaa alinikatiza kwa upole: "Njoo nacho chenyewe. Sikati hesi ya kuambiwa kwa simu."

Alikuwa na haki. Mtu husema "nusu inchi" akadhani amemaliza. Kuna nusu inchi yenye nyuzi, yaani mistari ya hesi, 28 kwa kila inchi, inayotumika sana Marekani kwenye bunduki za risasi nyembamba, na kuna nusu inchi yenye nyuzi 20, inayopendwa Uingereza. Ukilazimisha moja iingie kwenye nyingine utaharibu zote mbili. Wanaotumia milimita wana M14, yaani hesi ya upana wa milimita 14, ya hatua (umbali wa uzi hadi uzi) ya milimita 1 inayokazwa kulia, na M14 hiyohiyo inayokazwa kushoto. Unene nao una mpaka wake. Raifo ya risasi ya milimita 7.62 ikikatwa hesi ya sehemu tano za nane za inchi, yenye nyuzi 24, ukuta wa chuma unaobaki chini ya nyuzi ni kama milimita 3.4. Ikikatwa nusu inchi kwa sababu tu kifaa cha rafiki ni cha nusu inchi, haufiki hata milimita 2, na ukuta huo unapitiwa na gesi yenye nguvu. Si bure Birmingham kuna jumba la kupimia mitutu tangu mwaka 1813, ambako bunduki hupigwa kwa shinikizo linalozidi la kawaida kabla ya kugongwa muhuri.

Nilimpelekea. Aliuona mtutu, akapitisha kidole kwenye bega, akatikisa kichwa wala hakumsema vibaya aliyetangulia. Alisoma kibali changu, akaangalia urefu wa chini unaoruhusiwa, akaniambia sentimita 3 za mbele lazima ziondoke tuanze upya. Nilikubali. Nikamwomba nikae nitazame, akanivutia kigoda.

Niseme nilichokiona, maana ndicho kinachomtofautisha fundi wa bunduki na sisi wengine. Mtutu aliupitisha ndani ya kichwa cha mashine, ukashikwa mbele na skrubu nne na nyuma na skrubu nne. Ndani ya tundu alitia kipini kilichonyooka, kimechaguliwa kikae bila kucheza, na juu ya kipini akaegemeza saa ya kupimia, ile yenye mshale unaosoma sehemu za mia za milimita. Akauzungusha mtutu kwa mkono. Mshale ukaenda kulia, ukarudi kushoto. Alilegeza skrubu moja chini ya robo mzunguko, akakaza ya pili yake, akazungusha tena. Kisha akahamia nyuma. Kisha mbele tena, maana ukigusa nyuma mbele hubadilika. Nilihesabu mizunguko mpaka nikachoka kuhesabu. Hakuongea, nami sikumsemesha. Mwishowe aliuzungusha mtutu na mshale ukabaki palepale, haupumui. Ndipo akahamishia saa kwenye ngozi ya nje ili nione. Mshale ukatembea. Nje na tundu vilikuwa vimeachana kwa sehemu 12 za mia. "Hiyo ndiyo yule wa kwanza aliyoifuata," alisema.

Kupima kulimchukua karibu saa tatu. Kukata hakukumaliza saa moja. Alikata kwa kisu kimoja, pita nyingi nyepesi, mafuta yakidondoka, na kila baada ya pita mbili akijaribu kwa nati ya kipimo. Bega alilikata bila kuutoa mtutu kwenye mashine, ili lifuate kitovu kilekile. Na ukingo wa tundu, pale risasi inapoachana na chuma, aliukata mwisho kabisa, akaupapasa kwa pamba. Pamba haikunasa uzi hata mmoja. Mahali hapo pakiwa na kijipasuko kidogo, gesi hutokea upande mmoja mapema na kuisukuma risasi kando.

Aliniambia ukweli mwingine ambao karakana ya kwanza haikunitajia: mtutu ukipunguzwa chuma mdomoni huenda usipige tena pale ulipozoea, na kwa mitutu ambayo mifereji yake, ile ya ndani inayoizungusha risasi, ilisukumwa kwa kitufe kigumu badala ya kuchongwa, tundu linaweza kutanuka kidogo unapokonda upande wa nje. Wangu haukutanuka. Ulihama mahali pa kupiga, nikarekebisha darubini, basi. Fimbo yangu ya chuma ilipopita kwenye kifaa siku ile, niliizungusha polepole mbele ya taa, na mwanga ukawa sawa pande zote.

Nilimuuliza alijifunza wapi. Alisema chini ya fundi mzee ambaye kwa mwaka wa kwanza hakumruhusu kukata chochote, ila kupima. Kuna miji kama Liège nchini Ubelgiji na Ferlach nchini Austria ambako kazi hii ina shule zake. Kwingine inapita kutoka mkono wa mzee kwenda mkono wa kijana, na wazee wanaondoka. Mhariri, magazeti yetu huandika bunduki pale tu zinapoua. Nakuomba siku moja umtume mwandishi akae kwenye kigoda nilichokalia, aandike habari za watu hawa ili vijana wenye subira wajue kwamba kazi hii ipo. Msomaji aliyeuliza swali asingehangaika kama wangejulikana.

Na kwenu wakerezaji wenzangu. Mtaombwa. Mwenye bunduki atakuja jioni, atasema ni kazi ndogo, wewe si fundi bwana. Inauma kumkatalia rafiki kazi ambayo mikono yako inajua nusu yake. Mkatalie.

Kile kipande cha sentimita 3 alichokikata nilikiomba. Kipo juu ya benchi langu, hesi yake bado inang'aa vizuri sana. Kila kijana akija kuniambia kwamba kukata hesi kwenye mtutu ni kazi ya nusu saa, nampa kipande hicho pamoja na saa ya kupimia, namwachia, naendelea na shughuli zangu.

Wako,
Mkerezaji mstaafu